Mkiani mwa Mwaka

Autumn niliifundisha kabla sijaiona. Nilikuwa mwalimu wa jiografia katika sekondari moja mjini Tanga, na kila mwaka kidato cha pili walipofika kwenye mada ya mwendo wa dunia nilichora jua katikati ya ubao na duara nne kulizunguka, nikaandika majina ya majira kwa Kiingereza, kisha nikaagiza mpira wa miguu kutoka stoo ya michezo na kurunzi kutoka kwa mlinzi. Mpira ukiinamishwa nyuzi 23 na nusu, kurunzi ikiwashwa, somo linajieleza lenyewe. Summer wanafunzi waliielewa upesi. Winter pia, maana theluji walishaiona kwenye kalenda za mashirika ya ndege. Autumn waliinakili tu. "Ni majira ya miti kupukutisha majani," nikasema, na kijana mmoja wa Pangani akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mkungu wa pale kwenye mlingoti unapukutisha mara mbili kwa mwaka. Basi sisi tuna autumn mbili?"

Darasa likaangua kicheko. Nikawaambia wafungue ukurasa unaofuata.

Mwaka 1987 nikapata ufadhili wa kwenda kusoma Leeds, kaskazini mwa Uingereza, mji wa sufu na nguo ambao viwanda vyake vingi wakati huo vilikuwa vimeshafunga milango. Nilifika mwanzoni mwa Septemba. Chumba nilipanga mtaa wa Hyde Park, ambao hauhusiani kabisa na ile bustani ya London: ni safu za nyumba za matofali mekundu zilizopeana migongo, mlango wa mbele ndio huohuo mmoja, ukiufungua uko barabarani. Mwenye nyumba alikuwa mjane aliyeshona suti kiwandani mpaka kiwanda kilipofungwa. Aliniita love, kama alivyomwita dereva wa basi, tarishi wa barua na mbwa wa jirani. Mwenyewe alitaka nimwite kwa jina lake la ubatizo. Nilishindwa. Mtu mzima wa umri wa mama yangu, nimwite jina kavukavu? Nikawa namwita Mama, kwa Kiswahili, akaitika.

Jua ndilo lililonisumbua kwanza, kabla ya baridi na kabla ya chakula. Jioni ile ya kwanza nilitandika mswala karibu na dirisha nikasubiri Magharibi. Saa kumi na mbili ikafika, jua liko juu ya madohani. Saa moja, jua lipo. Ilikaribia saa mbili ya usiku ndipo lilipokubali kuzama, na mimi njaa na usingizi wa safari vimeshaniweka chini. Kwetu pwani jua lina heshima zake. Tanga, kati ya Magharibi ya mapema kuliko zote kwa mwaka na ile ya kuchelewa kuliko zote, tofauti haifiki dakika arobaini. Mtu anaweza kuishi miaka sabini akaadhini bila kutazama saa, akakosea kwa muda wa kupiga mswaki tu.

Aliyeniokoa ni kaka mmoja wa Mombasa niliyekutana naye chuoni, akisomea uhandisi wa nguo. Alikuwa na majira mengi ya Leeds mwilini mwake, na koti la manyoya alilonunua mtumbani. Alinipa karatasi ya nyakati za sala, nakala ya nakala, iliyochapwa na msikiti mmoja wa mjini ambao zamani ulikuwa nyumba ya kuishi.

"Shika hii, dada," akasema. "Hapa jua halina adabu. Usilitazame lenyewe, tazama karatasi."

Karatasi ilikuwa na safu ya Alfajiri, ya kuchomoza jua, ya Adhuhuri, kisha safu mbili za Alasiri, moja kwa hesabu ya Hanafi ambayo wenzetu wa Pakistani walio wengi pale waliifuata, na moja kwa hesabu ya Shafi, ambayo ndiyo yetu watu wa pwani. Halafu Magharibi na Isha. Niliibandika ukutani juu ya kitanda, nikaanza kuisoma mstari kwa mstari, kwa mazoea ya mwalimu. Magharibi ilikuwa ikirudi nyuma dakika mbili na ushei kila siku. Wiki moja, robo saa. Septemba peke yake ikala zaidi ya saa nzima. Mpira na kurunzi havijawahi kunionyesha jambo hilo. Mpira unaonyesha kwamba mchana utafupika, lakini hauonyeshi mwendo wenyewe ulivyo wa kasi, hasa siku zinazozunguka tarehe 23 Septemba ambapo usiku na mchana vinalingana na mizani inaanguka upande wa pili.

Saa za Kiswahili nikaziweka kando. Haikuwezekana kusema saa moja ya usiku nikiwa nimekunja macho kwa mwanga, na kaka wa Mombasa aliniambia mapema kwamba ikifika Desemba saa kumi alasiri jua litakuwa limeshazama. Tukawa tukizungumza Kiswahili cha nyumbani chenye saa za Kiingereza ndani yake: tukutane half-past three, dada, baada ya hapo sitakuona uso.

Sasa, jambo lililonishangaza ni kwamba neno nililolifundisha kwa miaka sikulisikia likitamkwa. Chuoni lilikuwepo, limeandikwa: muhula wa kwanza uliitwa autumn term, kwa sababu mwaka wao wa masomo huanza Septemba, wakati mwaka wa mimea unaisha. Kwenye vioo vya maduka lilikuwepo pia, limeandikwa kwa herufi za rangi ya kutu juu ya makoti. Lakini mdomoni mwa watu, hasha. Mama mwenye nyumba alikuwa na maneno mengine. Asubuhi akifungua mlango alisema kume-parky, yaani kuna kibaridi cha kuuma masikio. Jioni akivuta pazia alisema usiku unajongea, nights are drawing in, na alilisema kila jioni kwa sauti ileile ya mtu anayetoa taarifa mpya. Na majira yenyewe aliyaita back end.

Mara ya kwanza nilifikiri anazungumzia nyuma ya nyumba, na nyumba yenyewe haina nyuma. "Tutapaka rangi dirisha kabla ya back end," akasema, kisha akafafanua: ni mkia wa mwaka, love, mavuno yakishaingia ghalani mpaka Krismasi inapokaribia. Wazee wa Yorkshire, wakulima hasa, hawakujua kuyaita vingine. Yeye hakuwahi kulima hata kitunguu, lakini babu yake alilima, na neno likabaki nyumbani.

Darasani kwetu lilizuka bishano dogo juu ya jambo hilohilo. Mwanafunzi mwenzetu Mmarekani alisema fall, na mkufunzi wetu, mzee mpole aliyevaa sweta moja muhula mzima, akashtuka kidogo kisha akajirekebisha. Alituambia kwamba Waingereza hupenda kulicheka neno la Wamarekani, ilhali lilitoka kwao. Katika karne ya 16 watu wa Uingereza walisema fall of the leaf, kuanguka kwa jani, wakalifupisha, wakalipakia melini kwenda Marekani, kisha wao wenyewe wakaliacha. Autumn ilikuwa imeingia kwa mlango wa Kifaransa, na Wafaransa waliitoa kwenye Kilatini. Kabla ya hayo yote majira yaliitwa harvest tu, mavuno. Wajerumani wanayaita Herbst mpaka leo, na ni neno lilelile kwa asili. Watu walipohamia mijini wakaacha kuvuna, harvest ikabaki ni kazi ya shambani na majira yakatafutiwa jina jingine. Mkufunzi alilisema hilo kwa huzuni kidogo. Mimi, mtoto wa bandari, sikuona cha kuhuzunisha. Jina la kigeni likishafika na shehena, likapata wa kulitumia, limekuwa la mwenyeji.

Mkufunzi huyohuyo siku moja alisema kwamba yuko katika autumn ya maisha yake. Kaka wa Mombasa alininong'oneza: "Kwetu tungesema jua la mzee limeshapita utosini." Ndivyo. Umri tunaupima kwa siku moja, asubuhi mpaka machweo. Kwetu mwaka hautoshi kuuzeekea.

Majani yenyewe yalichelewa. Septemba nzima nilipita kila siku Woodhouse Moor, uwanja mpana wa nyasi kati ya mtaa wetu na chuo, wenye vijia vilivyopandwa miti pande zote mbili, na miti ikawa kijani kama imeapa. Watoto ndio waliokuwa wa kwanza kuvuna. Kuna mti fulani mkubwa ambao tunda lake ni mpira wa kijani wenye miiba, likianguka linapasuka, na ndani yake imelala mbegu ya kahawia inayong'aa kama kiatu cha askari wa gwaride. Watoto huziita conkers. Hutoboa tundu kwa msumari, wakapitisha kamba ya kiatu, wakafunga fundo, kisha wawili wanasimama uso kwa uso: mmoja ananing'iniza yake, mwingine anaipiga kwa yake, wanapokezana mpaka moja ipasuke. Mjukuu wa Mama mwenye nyumba alikuwa na moja iliyolowekwa kwenye siki ili iwe ngumu. Hiyo ni hila, na kila mtoto pale anajua ni hila, na kila mtoto anafanya. Mbegu ile hailiwi na mtu, ina sumu. Nilimuuliza mtoto mti wake unaitwaje, akaniambia: mti wa conker.

Oktoba ilipoingia ndipo rangi ikatoka. Na hapa mwalimu wa jiografia aliomba msaada kwa mwalimu wa biolojia, mwenzetu mmoja wa darasani kutoka Sudan, maana nilikuwa nimewaambia watoto wa Tanga kwamba majani hukauka kisha yakaanguka, sentensi mbili, nukta. Kumbe kazi inafanywa kwa mpango. Mti unapima urefu wa usiku. Usiku ukizidi kiasi, na baridi ikisaidia, mti unaacha kutengeneza ile rangi ya kijani, unaivunjavunja na kuvuta mali yake kurudisha shinani. Njano unayoiona ilikuwemo ndani ya jani tangu mwanzo, imefunikwa tu. Nyekundu ni jambo jingine: miti mingine huitengeneza upya wakati huohuo, kwa sukari iliyobaki janini, ndiyo maana mwaka wenye mchana wa jua na usiku wa baridi kavu hutoa wekundu mwingi. Mwishowe kwenye kikonyo, pale jani linapoungana na tawi, mti unajenga ukuta mwembamba. Jani linabaki limeshikwa na nyuzi chache, upepo ukipita linakwenda, na kidonda chake tawini kimeshapona kabla.

Nilichuma jani moja pale uwanjani ili nikithibitishe. Halikuchumika kama jani la mwembe, ambalo hung'ang'ania na kutoa utomvu. Lilitoka kwa kuguswa, bila mlio, na mwisho wa kikonyo chake ulikuwa mkavu na laini, umbo la kwato ya mbuzi. Nilijua basi kwamba miti ya Woodhouse Moor ilikuwa inasoma karatasi ileile iliyobandikwa juu ya kitanda changu. Majani ni habari ya pili. Habari ya kwanza ni Magharibi.

Na yakishaanguka, mashairi yamekwisha. Picha za kalenda hazionyeshi siku ya tatu, mvua ikishapita juu yake na watu wakishayakanyaga. Yanakuwa uji mweusi unaoteleza, unanuka kama chai iliyosahauliwa buli zima, na unajibanza chini ya viatu mpaka ndani ya nyumba. Treni zilichelewa kwa sababu hiyo. Abiria kituoni wakisikia tangazo kwamba kuna majani relini huinua macho juu, wakidhani wanadanganywa, lakini ni kweli tupu: magurudumu huyasaga majani mabichi juu ya chuma mpaka yakawa tabaka gumu la utelezi, breki zikakosa pa kushika na dereva akalazimika kwenda mwendo wa pole. Taifa lililotandaza reli nusu ya dunia husimamishwa na jani. Niliona ni haki.

Usiku wa kuamkia tarehe 16 Oktoba ilipiga dhoruba kusini mwa nchi. Sisi Leeds hatukupata ila upepo wa kawaida na mvua, tukaiona kwenye televisheni asubuhi yake, Mama mwenye nyumba amekaa ukingoni mwa kiti na kikombe kimepoa mkononi. Watu 18 walikufa Uingereza. Miti ipatayo milioni 15 iling'olewa kwa saa chache za usiku, pamoja na mamia ya miti ya miaka mingi katika bustani ya mimea ya Kew. Sevenoaks, mji ambao jina lake ni mialoni saba, ukaamka na mwaloni mmoja. Wataalamu walieleza baadaye sababu mbili zilizoukuza msiba: ardhi ilikuwa imelowa kwa mvua za majuma yaliyotangulia, na miti ilikuwa bado imebeba majani yake. Ingekuja mwezi mmoja baadaye, upepo ungepita katikati ya matawi matupu. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi. Chombo kilichokutwa na tufani kikiwa kimetweka tanga hakina kauli.

Usiku wa Jumamosi kuamkia tarehe 25 Oktoba saa zilirudishwa nyuma. Nilikuwa nimesoma juu ya desturi hiyo, lakini kumwona mtu akiifanya ni kitu kingine. Mama mwenye nyumba alipanda kwenye kigoda akateremsha saa ya ukutani, akaigeuza, akazungusha kidole, akairudisha, akapangusa mikono. "Haya, tumepata saa moja ya bure," akasema. Karatasi yangu ukutani ilikuwa na mstari mnene mahali pale, kama mpasuko: Jumamosi Magharibi saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, Jumapili saa kumi na moja kasoro dakika kumi na mbili. Jumatatu nikatoka darasani nikakuta taa za barabarani zinawaka. Watu wakatembea wameinamisha vichwa. Nadhani autumn yao halisi huanza siku hiyo, na wala si Septemba mosi kama wasemavyo watu wa hali ya hewa, ingawa sijapata Mwingereza wa kukubaliana nami.

Barua ya mama yangu iliwasili wakati huo, ameandikiwa na mpwa wangu kwa hati ya darasa la sita. Kusi limelala, aliandika, bahari imekuwa ya demani, wavuvi wanatoka hata usiku, nguru wamejaa sokoni. Wanatazamia mvua za vuli. Shangazi amepata ahueni. Kisha: na huko kwenu sasa ni nini? Nilianza kumjibu mara kadhaa. Sisi majira tunayajua kwa upepo unakotoka na mvua inavyonyesha, na upepo wa Leeds hutoka kila upande siku moja, na mvua yao haina mwanzo wala mwisho wa kuusema. Nikamwandikia kwamba huku mchana unapungua, na sala zimebanana. Hilo alilielewa mara moja. Barua iliyofuata akaniusia nisichanganye Adhuhuri na Alasiri kwa uvivu.

Wasia wenyewe haukuwa bure. Novemba ilipokua, mchana ulikuwa umebaki kama kitambaa kilichofuliwa kwa maji ya moto. Adhuhuri saa sita mchana, Alasiri ya Shafi kabla ya saa nane haijagonga, Magharibi saa kumi na kitu. Nikiwa na kipindi cha saa sita na nusu mpaka saa tisa, sala moja inaingia na kukaribia kutoka mwalimu hajafuta ubao. Kaka wa Mombasa alinionyesha kijichumba kimoja maktabani, nyuma ya rafu za takwimu za kilimo ambazo hakuna aliyezigusa, na hapo tulisalia kwa zamu, watu wa Tanga, Mombasa, Khartoum na Lahore.

Lakini Novemba ilikuwa na tarehe 5, na kwa ajili ya tarehe hiyo naisamehe mengine. Kuanzia katikati ya Oktoba watoto wa mtaa walikuwa wakikokota mbao. Waliita chumping: milango iliyotupwa, matawi yaliyoanguka, makochi yaliyotoka matumbo, kila kitu kinachoungua kilivutwa mpaka kwenye kiwanja kitupu mwisho wa barabara na kurundikwa. Waliwekeana zamu za ulinzi, maana watoto wa barabara ya pili wangekuja kuiba au kuwasha kabla ya siku. Tarehe 4 usiku ndiyo usiku wa utundu, Mischief Night, ambao watu wa kusini mwa Uingereza hawaujui. Watoto hupaka asali nyeusi kwenye vitasa vya milango, hugonga na kukimbia, hung'oa mageti. Asubuhi yake geti la jirani yetu lilionekana juu ya paa la kituo cha basi. Jirani alilitazama kwa muda, akasema enzi zake walilipeleka mbali zaidi.

Tarehe 5 yenyewe rundo likawashwa. Wanakumbuka mwaka 1605, Guy Fawkes alipokamatwa na baruti chini ya Bunge, na sanamu lake la matambara hukalishwa kileleni na kuunguzwa. Guy Fawkes alizaliwa York, umbali wa safari fupi ya treni kutoka pale tulipo, kwa hiyo walikuwa wanamchoma mtoto wa nyumbani, wala hakuna aliyeonekana kulifikiri. Mama mwenye nyumba alitoka na sinia la parkin, keki nzito ya oats, tangawizi na asali nyeusi, ambayo hupikwa siku kadhaa kabla ili ilainike na kunata. Tangawizi ile ilinipiga kooni nikakumbuka visheti vya bibi yangu, bila iliki. Nilikula vipande nisivyotaka kuvihesabu. Uso ulikuwa unaungua na mgongo umeganda, fataki zinapasuka juu ya mabati ya kiwanda kilichofungwa, na watu ambao kutwa hawakuwa wakisalimiana mtaani wanagawiana viazi vilivyochomwa kwenye majivu. Wallahi, ukitaka kujua Waingereza walivyo, usiwaone Julai. Wasubiri giza liwe limewakalia kitako.

Baada ya hapo niseme nini? Miti ilikuwa mitupu. Mita ya gesi chumbani kwangu ilikula sarafu za senti hamsini bila haya. Mama mwenye nyumba aliwasha makaa sebuleni, yale makaa maalumu yasiyotoa moshi, maana moshi wa makaa ya kawaida ulishapigwa marufuku mjini, na akaniruhusu nisomee hapo.

Katikati ya Desemba nikaona kitu kwenye karatasi. Magharibi ilikuwa imefika saa kumi kasoro dakika kumi na sita, ikasimama hapo siku kadhaa, kisha ikasogea mbele dakika moja. Lakini ilikuwa bado wiki nzima na zaidi kufikia siku fupi kuliko zote, tarehe 22! Nilikwenda kwenye safu ya kuchomoza jua: hiyo bado ilikuwa inachelewa, na ikaendelea kuchelewa mpaka mwaka mpya. Nikatoa daftari. Mchana wenyewe wote ulikuwa unahama, adhuhuri inasogea mbele kidogo kila siku, kwa sababu dunia hailizunguki jua kwa mwendo mmoja na imeinama vilevile. Kwa hiyo jioni inaanza kurefuka kabla asubuhi haijaacha kufupika. Kwa miaka yote ya ubao na kurunzi sikuwa nimelifundisha hilo, wala kitabu chetu hakikulitaja.

Nikashuka ngazi mbio kumwambia Mama mwenye nyumba kwamba jioni zimegeuka, giza limeanza kurudi lilikotoka. Hakuniamini. Siku fupi ni tarehe 22, kila mtu anajua. Akafungua gazeti la jioni, ukurasa wa ndani, pale wanapochapa saa ya kuwasha taa za magari, akavaa miwani, akalinganisha na gazeti la wiki iliyopita lililokuwa linasubiri kuwashia moto. Akakaa kimya.

"Dakika moja," akasema mwishowe. "Love, kwa dakika moja sizimi moto. Ikifika nusu saa, niite."

Nusu saa ilitimia katikati ya Januari. Nilimkuta mlangoni anamwaga majivu kwenye pipa, nikamwambia. Alitazama juu ya madohani, akapiga kifuniko cha pipa, akasema back end mwaka ule ilikwenda vizuri tu; hiki kinachomsumbua sasa hivi ni kichwa cha mwaka.